Pikipiki ya theluji Rovaniemi: nyota nne, na kisa cha kamba nyekundu

Mwezi wa pili mdogo wangu alikuja kunitembelea huku Finland kutoka Mwanza, nikampeleka Rovaniemi, mji wa kaskazini, tukapande pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu: mbele ina skii mbili (vibao vya kuteleza), chini mkanda unaoisukuma. Safari ya muda wa saa mbili, kama kilomita 30, mimi naendesha, yeye nyuma. Asubuhi hiyo kipimajoto kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri.

Kampuni iliyotupeleka naipa nyota nne kati ya tano, hasa kwa yale mafunzo ya nusu saa kabla ya kuwasha injini. Mwongozaji alikagua leseni yangu (ya gari inatosha), akahakikisha helmeti zimekaza, kisha akanifunga mkononi kamba nyekundu iliyochomekwa karibu na usukani. Ukianguka, kamba inachomoka na injini inazima. Mafuta unabonyeza kwa kidole gumba cha kulia, breki iko mkono wa kushoto. Kwenye kona wote wawili mnalalia upande mnaokata.

Kona ya tatu msituni, mdogo wangu aliogopa akalalia upande wa pili. Skii ya nje ikazama kwenye theluji laini pembeni ya njia, tukapinduka. Nilipoinuka theluji ilinifika kiunoni, na msitu ulikuwa kimya kabisa: kamba imechomoka, inaning'inia mkononi mwangu. "Kaka, uko salama?" mdogo wangu akaniuliza. Mashine ile inazidi kilo 200, na chini ina mkanda wenye meno. Sitaki kufikiria kama ungeendelea kuzunguka karibu na miguu yetu. Na tulikuwa tunakwenda taratibu, japo kwenye njia hizo sheria inaruhusu hadi kilomita 60 kwa saa.

Tulipovuka mto Ounasjoki ulioganda, mwongozaji hakuturuhusu kutoka nje ya alama hata hatua moja. Maji yanapokwenda kasi, barafu ya juu huwa nyembamba.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya glavu. Za mdogo wangu zilikuwa na unyevu ndani, na vishikio vya abiria havikuwa na joto kama vyangu. Dakika ishirini tu vidole vikafa ganzi, mpaka mwongozaji akampa glavu zake za akiba. Ingiza mkono ukague kabla hujatoka. Ndani vaa sufu, maana pamba ikishalowa jasho inakugandisha. Buti chukua namba moja zaidi, soksi zisibane. Simu iwe mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji.

Mdogo wangu keshaanza kuulizia safari ya mwakani. Glavu nitamnunulia mimi.