Mashine ndogo ya Bluetooth: inatosha kupima giaboksi ya auto?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo niko Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mkononi nina mashine ya kupimia gari, hii ndogo ya ELM327. Unaichomeka chini ya usukani, unasoma kwenye simu. Bei yake haifiki hata galoni ya oili ya giaboksi. Je, itakwambia giaboksi ya auto inaumwa nini?

Tuichomeke. Tundu hili la pini 16 ni lazima kwa gari ndogo zote zinazouzwa Marekani tangu 1996. Zetu nyingi zinatoka Japani, na nyingi za zamani zina tundu lile lile ila mashine hii hazielewani nayo. Hii imekubali. Taa ya cheki injini inawaka, simu imeleta namba ya kosa, P0700. Basi, hakuna kingine.

Hapa ndipo watu wanapoumizwa! P0700 haisemi giaboksi imekufa. Inasema tu kompyuta ya giaboksi ina jambo, kaiulizeni. Na mashine hii ya bei rahisi mara nyingi huko haifiki, inaishia kwenye injini. Ile kubwa inayofungua upande wa giaboksi ndiyo ingekupa P0741, yaani klachi ya kufunga toki konveta (kile kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili) haifanyi kazi sawasawa, au P0717, hakuna taarifa kutoka sensa ya mzunguko unaoingia giaboksi. Pengine ni waya tu umekatika. Fundi akikuonyesha P0700 peke yake halafu anataka ashushe giaboksi, mkatalie, tafadhali sana.

Weka simu pembeni, twende kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Hii ni Toyota ya zamani: imeshapata moto, injini inaunguruma, tumesimama tambarare. Napitisha liva kutoka P hadi L, narudisha P. Navuta, nafuta, nachomeka, navuta tena. Sogeza kamera hapa. Kiasi kiko sawa, kwenye alama ya HOT. Lakini oili ambayo ilipaswa kuwa nyekundu imekuwa kahawia, na inanuka kuungua. Ingefanana na chai ya maziwa, ujue maji ya rejeta yameingia. Gari hiyo ivutwe, isiendeshwe.

Huku kwetu baridi ipo, ila giaboksi zinapikwa na milima. Ukipanda taratibu na mzigo, toki konveta haijifungi, oili inakorogwa mle ndani na joto linapanda. Ndiyo maana napenda kupima kwenye mpando wa barabara ya Chunya. Fungua mzunguko wa injini na mwendo kwenye simu, mwenzako asome, wewe tazama barabara. Injini ikipanda ghafla na mwendo ukabaki pale pale, na oili ni ya kutosha, huenda klachi za ndani zinateleza. Hapo mashine hii ndogo inafaa kweli.

Kwa injini, nunua. Kwa giaboksi, tafuta inayofungua kompyuta ya giaboksi ya gari yako, na muuzaji aichomeke uone kabla hujatoa hela.