TAHADHARI: kisu cha buti cha dola 25, "chuma 440C", msije mkaingizwa mkenge kama mimi

Wandugu habari za masiku, hasa nyie madereva wenzangu wa malori mlioko huku Marekani. Nimepigwa changa la macho na sitaki mwingine apigwe kwa mtindo huohuo, kwa hiyo nisomeni hadi chini maana hela ndo sehemu ndogo ya hii stori.

Kuna tapeli anauza visu mtandaoni, vile vifupi vya makali kuwili vya kuchomeka kwenye buti. Bei dola 24.99. Jina la duka silitaji, na hata nikilitaja haisaidii kitu maana toka ninunue lishabadilika mara mbili, ila utamjua kwa picha: kisu cheusi kimelazwa juu ya gogo na pembeni kuna kikombe cha bati kimebanduka rangi mdomoni. Duka linabadilika jina, kikombe ni kilekile.

Mtaniuliza mtu mzima kisu cha buti cha nini. Kweli kabisa, kwa kazi hakina maana, kisu cha makali kuwili huwezi hata kuweka kidole gumba mgongoni ukakandamiza kwa sababu mgongo wenyewe hakina, kwa kukata kamba au boksi kisu cha kawaida kinakipita mbali. Mimi nilishikwa na umbo tu. Nimekulia Upareni, mjomba wangu alikuwa mhunzi, sime zake alikuwa anafua kutoka springi za Land Rover bovu, na zile sime zilikuwa na makali huku na huku zikinenepa kuelekea nchani. Sasa nikaona kile kisu saa nane usiku nimepaki hapa Texas usingizi hauji, nikamkumbuka mzee, nikabonyeza.

Tangazo lilisema vitu vitatu: chuma ni 440C, kimetengenezwa Marekani, na kinaruhusiwa majimbo yote 50. Vyote vitatu uongo.

Tuanze na chuma. Wauzaji wa visu vya bei chee wanapenda sana hiyo namba 440, yaani jina la aina ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, kwa sababu wateja wengi hatujui kwamba inayobeba maana ni herufi ya mwisho, 440A ina kaboni kama asilimia 0.6 hadi 0.75, 440C inaanzia 0.95 mpaka 1.2, na kaboni ndo inayofanya chuma kikubali kuwa kigumu. Chini yao kuna familia ya 420 yenye kaboni kidogo zaidi, hiyo haishiki kutu kirahisi lakini makali yanakuaga mapema. Na hata ukipewa 440C ya kweli, kama hakikuchomwa na kupozwa vizuri bado ni bati tu, mjomba alikuwa anasema chuma kinazaliwa kwenye moto na kinapewa akili kwenye maji. Changu kimechorwa 440C herufi kubwaa ubavuni. Nikachukua tupa ya kawaida nikaigusisha kwenye makali karibu na mpini. Chuma kigumu tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo, haishiki, unasikia mlio mkali tu. Hii ikashika palepale ikala, vumbi la chuma likabaki kwenye kidole, kama nanoa jembe.

Halafu hayo makali yenyewe hayalingani. Ukikishika ncha ikakutazama usoni unaona mstari wa katikati umekimbilia kushoto, upande mmoja umeliwa zaidi ya mwingine, upande mmoja unakata karatasi na mwingine unaichana.

Nikafungua skrubu za mpini (ziko mbili, moja ilikuwa imeshaliwa kichwa toka kiwandani). Ndani nilitegemea msuka, yaani kile chuma cha kisu kinachoingia kwenye mpini, ufike mwisho wa mpini, kwa sababu picha ya tangazo ilionyesha hivyo kabisa, chuma kimoja toka nchani hadi kitakoni. Nikakuta kijimsuka chembamba kama penseli, urefu wa vidole viwili, kimebandikwa na gundi, kwingine kote plastiki tupu. Kisu cha hivyo ukikibana kwa nguvu kinakatikia mkononi mwako, na kumbuka hakina upande usiokata.

Kuhusu "kimetengenezwa Marekani": chini ya klipu ya ala, mahali ambapo huoni mpaka uitoe, kuna kistika kidogo kama punje ya mchele kimeandikwa China. Sina neno na China, Yangjiang kule wanatengeneza visu ambavyo nimevishika na ni vizuri kushinda vingine vya bei mara tano. Tatizo ni kudanganywa. Sheria ya hapa ukiandika kitu kimetengenezwa Marekani bila masharti lazima karibu kila kilichomo kiwe cha hapa, na huyu alijua, ndo maana kistika kimefichwa.

Ala sasa. Siku ya pili kuvaa nashuka kwenye lori kituo cha mafuta nikasikia baridi kwenye soksi, nikadhani nimekanyaga maji. Kumbe ala haishiki kabisa, kisu kimetoka chenyewe kikashuka kwenye buti, ncha imeingia juu kidogo ya fundo la mguu. Nilikaa kwenye ngazi ya lori navua buti taratiiibu kama natoa mtego wa panya. Kidonda si kikubwa, ila kama ningeruka chini kama ninavyorukaga siku zote leo ningekuwa naandika mengine. Kwa hiyo hata ukinunua cha bei mbaya, kabla hujakivaa kichomeke kwenye ala, kigeuze kichwa chini juu ya kapeti, kitikise kwa nguvu. Kikidondoka, usikivae.

Sasa uongo wa tatu, huu ndo umenifanya niandike. "Kinaruhusiwa majimbo yote 50." Texas ni kweli hakuna shida, sheria ililegezwa 2017, masharti yamebaki kwa visu vinavyozidi inchi 5.5 kwenye baadhi ya sehemu. Lakini sisi tunavuka majimbo. Michigan sheria yao inakitaja kabisa kisu kisichokunjwa cha makali kuwili, urefu wowote, na kwenye gari ni kosa hata kama hujakificha, na adhabu inafika miaka 5. California kukificha mwilini kisu cha kuchoma kisichokunjwa ni kosa, na ndani ya buti ndo kuficha kwenyewe huko. Mimi nilikuwa na mzigo wa Detroit, hukohuko Michigan, wiki ileile! Ni jamaa mmoja Mkenya tuliyekutana kwenye mizani ndo aliniona nakitoa akaniambia bro hiyo kitu itakupeleka ndani, na kama karatasi zako za uhamiaji bado ziko mezani ndo umekwisha. Nikakiacha kwa rafiki Houston. Fikiria, kesi ya jinai kwa sababu ya kisu ambacho hakikati nyanya.

Kurudishiwa hela nako ni mchezo. Kwanza alisema nibaki na kisu anipe asilimia 20. Nikakataa, akaja 35, halafu 50, kila jibu linachukua siku nne tano na salamu ndefuu za "rafiki mpendwa". Nikasema narudisha, akanipa anwani ya ghala nje ya nchi, kutuma tu dola 38. Anachofanya anakula muda wako, maana ukilipa kwa kadi ya mkopo sheria inakupa siku 60 toka taarifa ya malipo itumwe kwako, PayPal ni siku 180, ukipitiliza imekula kwako. Na mwanzoni alikuwa ananipa punguzo la dola 5 nilipe PayPal kwa njia ya kumtumia rafiki. Hiyo njia haina ulinzi wowote, mtu wa duka akikuomba umlipe kama rafiki kimbia.

Mimi nililipa kwa kadi, siku ya 41 nikawapigia benki, nikawatumia picha ya kistika, picha ya msuka na tangazo lenyewe ambalo namshukuru Mungu nililipiga picha kabla hajalifuta. Wamenirudishia kwa muda wakati wanachunguza. Jana tangazo limenijia tena, jina jipya, bei imepanda dola 29.99, na kikombe kimebanduka palepale mdomoni.