Tamthilia ya Wayahudi wa Moscow, hapa Shangani, Mtwara: nendeni, ila mkae mbele

Kiingilio elfu tano, viti vya plastiki, feni mbili na moja haizunguki. Nasema mapema nisije nikalaumiwa. Ila mchezo wenyewe, ulioonyeshwa na kikundi cha vijana kwenye ukumbi mmoja Shangani, ni mzuri kuliko ulivyonadiwa na lile gari la matangazo lililopita Chikongola likipiga singeli.

Hadithi iko Moscow, mwaka 1953. Januari gazeti la Pravda limewatuhumu madaktari, wengi wao Wayahudi, kwamba walipanga kuwaua wakubwa wa nchi. Machi 5 Stalin, mtawala wa nchi, anafariki, lakini hofu haizikwi naye. Familia moja ya Kiyahudi inakaa chumba kimoja, jiko wanachangia na wapangaji wenzao. Baba alikuwa akisahihisha vitabu vya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huko. Waandishi wake, kina Peretz Markish na David Bergelson, walikamatwa 1949 na hajui kama wako hai. Sisi watazamaji tumeshaambiwa: walipigwa risasi Agosti 12, 1952, wao na wenzao, jumla watu 13. Baba siku hizi anasali kwa midomo tu, sauti hatoi.

Sasa ile mikate ya Pasaka ya Kiyahudi. Haitiwi hamira, na kwa sheria yao unga ukishatiwa maji ukaachwa dakika 18 bila kukandwa wala kuokwa, haufai tena. Mama anakanda usiku wa manane. Jirani anaingia kuchota maji, anavuta kigoda. Mama anafunika bakuli. Jirani anaongea: foleni ya viazi, mguu unaomsumbua. Wala si mtu mbaya. Saa ya ukutani ni ya kadibodi, na mshale wake ulikuwa ukisukumwa na kidole cha mtoto aliyejificha nyuma ya pazia. Nilikuwa nakiona, na bado sikuweza kucheka. Bibi mmoja nyuma yangu akashindwa kuvumilia: "We mama, muage huyo akalale!" Mama haagi. Jirani anapoondoka, mama anafunua bakuli, anabonyeza donge, analitupa kwenye ndoo ya taka, anaanza kupima unga upya. Hasemi neno.

Hapo hapo mwongozaji akatuwekea kinanda. Cha nini? Sisi tuliokuwepo Mtwara Mei 2013, zile vurugu za kupinga bomba la gesi, hatuhitaji kinanda kutueleza watu wananyamazaje ndani ya nyumba zao.

Sehemu ya pili inachosha, hotuba nyingi, na yule askari anasoma mashtaka kama mtangazaji wa mpira. Binti anamwita baba yake mwoga, baba hajibu. Sawa, asijibu, lakini angalau angemtazama mtoto.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mavazi niliyakagua. Makoti yameshonwa kwa mablanketi ya kijivu, mabega yamekaa vizuri, na vijana walitetemeka kwa baridi ya Moscow huku jasho linawatiririka. Heko kwao. Shali ya sala ndiyo iliyokosewa: wameizungushia matamvua pindo zima, kwenye pembe hakuna kitu, na Kumbukumbu la Torati 22:12 inataja pembe nne waziwazi.

Wanarudia Jumamosi ijayo. Hiyo shali wailete kibandani kwangu kabla ya Ijumaa niifumue, nifunge vishada vinne. Hela sitaki, uzi waje nao.