Tahadhari Tanga: muuzaji wa injini anayewashia kwenye stendi isiyo na rejeta

Ndugu zangu wenye HiAce, Hilux na gari yoyote inayotumia injini ya dizeli ya Toyota aina ya 3L au 5L, hapa Tanga kuna muuzaji wa injini za mtumba anayeliza watu. Simtaji jina, mwenye gari mmoja aliyelizwa ameshapeleka malalamiko polisi. Lakini anavyofanya kazi nataka kila mtu ajue, maana nasikia wengine wameanza kumuiga.

Injini zake zimeoshwa na kupakwa rangi ya fedha mpaka zinameremeta. Moja huwa ameipandisha juu ya fremu ya vyuma, ndiyo anaiita stendi ya majaribio. Ukifika anaunga betri, anapiga stata, injini inadaka hapo hapo, moshi hakuna, mlio umetulia. Dakika mbili hazifiki, anazima. Ukimwomba aiache iendelee anakujibu kwa upole kabisa: "Kaka, hii haina rejeta, nikiiacha itaungua bure. Wewe sikiliza mlio tu." Mteja anasikiliza mlio, anaridhika, anahesabu pesa.

Mtego wenyewe uko hapo kwenye rejeta. Injini ya dizeli iliyochoka hujificha vizuri sana ikiwa ya baridi. Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ikiwa na ufa hutulia mpaka chuma kipate moto na kutanuka, ndipo gesi ya silinda inapoanza kuvujia kwenye maji. Oili nayo ikiwa ya baridi ni nzito, kwa hiyo hata beringi zilizokwisha zinaonyesha presha nzuri. Muuzaji anayezima kabla injini haijapata moto amekuonyesha tu kwamba stata inazungusha na dizeli inafika kwenye nozeli.

Mzee mmoja mwenye HiAce ya abiria alinunua kwake 5L kwa zaidi ya milioni tatu. Ilifungwa, ikatembea mjini vizuri, Kange na Pongwe haikusumbua. Siku alipopata safari ya Lushoto, akaanza kupanda mlima kutoka Mombo, maji yakarushwa yote nje na abiria wakashushwa barabarani. Gari ilirudi Tanga ikivutwa, ikaletwa kwangu mimi fundi.

Nilipong'oa hedi nilikuta ufa katikati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa, silinda mbili za nyuma. Kwenye njia za maji kulikuwa na utando mgumu unaong'aa rangi ya shaba, ile dawa ya kumimina ya kuzibia nyufa. Aliimimina makusudi, haikuingia yenyewe. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama ya giaboksi. Na hosi ya kupumulia, inayotoka kwenye kava la valvu, ilikuwa na alama ya kubanwa na waya. Mwenye gari akakumbuka kwamba pale stendi ile hosi ilishushwa chini, mdomo wake ukaingizwa kwenye dumu. Ringi za pistoni zikiisha, pumzi ya silinda hupanda na kutokea kwenye hosi hiyo. Ukiificha, mteja haoni kitu.

Kilichoniuma zaidi ni namba. Juu ya bloku paliandikwa 5L, ila pembeni yake kuna mikwaruzo ya grainda. Nikapima silinda: milimita 96. Hiyo ni 3L, yenye cc 2,779. 5L silinda yake ni 99.5 na cc 2,986. Mzee wa watu amelipia injini ambayo hakupewa, na juu ya hapo namba iliyopigwa upya itamsumbua, kwa sababu kadi ya gari huandikwa namba ya injini na ukibadilisha unatakiwa ukarekebishe TRA.

Sasa, stendi ya kweli si kitu cha ajabu, gereji yoyote yenye mashine ya kuchomelea inaweza kuitengeneza, na ningependa mafundi wenzangu tuwe nazo ili mteja apime kabla injini haijaingia kwenye gari. Mimi nimetumia skwea paipu ya milimita 50, nene, miguu imetanuliwa isipinduke injini inaposhtuka wakati wa kuwaka. Mbele injini inakaa kwenye mauntingi zake. Nyuma nimefunga kengele, yaani kava la giaboksi linaloungana na injini, iliyokatwa kutoka giaboksi mbovu, maana stata hushikwa hapo. Ukiona mtu ameshikilia stata kwa mkono au kwa kipande cha bati, ondoka, ni hatari. Rejeta kuukuu isiyovuja iwe mbele na hosi zake kamili, feni ikingwe kwa wavu. Geji ya presha ya oili iwe ya mshale, ifungwe mahali pa swichi ya oili. Geji ya joto iwe kwenye maji. Dumu la dizeli linaning'inizwa juu kuliko pampu, na waya wa umeme wa pampu upitie swichi unayoifikia bila kuinama. Weka pia karibu kipande cha ubao cha kufunikia mdomo wa kuingizia hewa. Dizeli mbovu ikianza kunywa oili yake hujiendesha yenyewe kwa kasi, swichi haisaidii. Inazimika kwa kunyimwa hewa tu.

Ukienda kununua, kwanza gusa bomba la moshi kabla hajawasha. Likiwa na joto, ameshaipasha kabla hujafika. Mwambie uirudie kesho asubuhi. Kisha iachwe iungurume mpaka themostati, ile valvu inayoachia maji ya moto yaende kwenye rejeta, ifunguke na hosi ya juu ya rejeta iwe ya moto, halafu iendelee dakika ishirini au nusu saa. Mfuniko wa rejeta uachwe wazi tangu injini ikiwa ya baridi, usije kuufungua ikishachemka. Mapovu yakiendelea kutoka mfululizo hiyo hedi au gaskiti ina shida. Fungua mfuniko wa oili uone inavyopumua. Presha ya oili iangalie injini ikiwa ya moto: mafundi wengi tunashika kipimo cha psi 10 kwa kila mizunguko elfu moja kwa dakika. Oili iwe mpya, uliyoinunua wewe, imwagwe mbele yako.

Akikataa yote hayo, usibishane naye, beba pesa yako. Akikubali, dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya injini, na malipo yaende kwenye jina lile lile la kwenye risiti. Mzee wetu aliambiwa atume kwa namba ya "mdogo wangu", na leo huyo mdogo mtu hapokei simu.

Kama ulishanunua 3L au 5L kwa mtindo huu na bado inatembea, usiipeleke safari ya mlima kabla hujaipima. Piga picha ya namba kwenye bloku, tafuta mikwaruzo ya grainda pembeni yake, na kama ipo nenda kituoni ukaongeze maelezo yako kwenye malalamiko yaliyopo. Stendi yangu iko wazi kwa yeyote mwenye injini anayotaka kuipima, sitozi chochote, uje na dizeli na oili yako.