CD ya Bibi Cotten, mpiga gitaa mashoto

Nianze na malalamiko, niyamalize mapema. Kasha limefika bawaba imekatika. Kijitabu cha ndani kimechapwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena Kiingereza kitupu, ikabidi binti yangu wa mwisho anisomee huku amekunja uso. Na nyimbo zenyewe fupi: ndiyo kwanza unaanza kutikisa kichwa, imekwisha. Ziko 14, lakini ukiinjika maharage na kubonyeza deki kwa wakati mmoja, CD itaimba mpaka mwisho maharage bado yanagonga sufuria.

Mabaya ndiyo hayo tu. CD inaitwa Freight Train and Other North Carolina Folk Songs and Tunes. Imetolewa na kampuni ya Smithsonian Folkways mwaka 1989, ila ni santuri ileile ya Folkways ya mwaka 1958, imevalishwa nguo mpya. Mwimbaji ni Elizabeth Cotten, Mmarekani mweusi wa North Carolina. Aliyeniletea ni mtoto wa kaka yangu, baharia, alipokuja likizo. Sikumwagiza. Alinikabidhi tu akasema, "Shangazi, nimekuletea mwenzio." Nikadhani mwenzangu wa cherehani. Kumbe mwenzangu wa shoto.

Mimi ni mashoto. Hapa Ngamiani, Tanga, wateja wangu wameshazoea kuona mkasi unatembea upande usio wake, lakini utotoni nilikiona cha moto. Chuoni nilichapwa vidole ili nishike kalamu kwa mkono wa kulia. Nyumbani nikimpa mtu kikombe kwa kushoto, bibi alikirudisha kwenye sinia mpaka nikitoe upya kwa adabu. Gitaa lilikuwa la kaka. Akienda zamu bandarini, nalishusha kutoka juu ya kabati. Nikilishika kama anavyolishika yeye, mikono inagoma. Nikiligeuza, mikono inakubali, ila nyuzi ndizo zimepinduka: nene zimekuwa chini, nyembamba juu. Kuzihamisha sikuthubutu, angejua. Nikawa napiga hivyohivyo kinyumenyume, nikiamini kituko cha namna hii duniani ni mimi peke yangu.

Na Bibi Cotten alianza hivyohivyo, kwa banjo la kaka yake, kaka mtu akiwa kazini! Baadaye akaacha shule, akafanya kazi za ndani, akadunduliza vijisenti mpaka akanunua gitaa lake mwenyewe kwa dola 3 na senti 75. Hapo angeweza kulifunga nyuzi kishoto kama alivyotaka, lakini mkono ulikuwa umeshajifunza. Akabaki na gitaa lililopinduka maisha yake yote.

Sasa sikiliza kinachotokea, maana hapa ndipo hela ya CD inaporudi. Mpiga gitaa wa kawaida kidole gumba chake kinashika besi, dum, dum, na vidole vingine vinaimba juu. Kwa Bibi Cotten kazi zimebadilishana. Besi inapigwa na kidole cha shahada, na gumba, hicho kinene kisichosifiwa na mtu, ndicho kinachoimba. Weka wimbo wa kwanza, Wilson Rag, ambao hauna maneno. Besi inakwenda na kurudi kama mguu kwenye cherehani ya kukanyaga, haipungui wala haizidi, halafu juu yake sauti inarukaruka kama mtoto anayekwepa madimbwi. Mara ya kwanza nilisema hawa ni watu wawili. Baharia akacheka, akanionyesha video kwenye simu: bibi mwenye mvi, kakaa kitini, katulia kama anachambua mchele, na gitaa moja.

Wimbo wa pili, Freight Train, yaani treni ya mizigo, ndio uliobeba jina la CD, na ndio uliomfanya ajulikane. Alizaliwa mwaka 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kulaza reli hapa Tanga, na akakulia Carrboro, karibu na njia ya treni. Wimbo aliutunga angali binti mdogo. Unavyoanza utadhani ni wa watoto, kumbe anaagiza kwamba akifa azikwe mwisho wa mtaa wa Chestnut, apate kuisikia treni namba tisa ikipita. Kwetu mtoto akitamka maneno hayo atafukiziwa ubani siku hiyohiyo. Lakini mimi niliyekua nikilala kwa honi ya treni ya mizigo, nilimwelewa bila kijitabu. Usiku ambao treni haikupita ndio tuliokuwa tunashtuka.

Kisa cha wimbo huo kinauma kidogo. Aliolewa na miaka kama 17, kanisani wakamwambia aachane na nyimbo za kidunia, naye akaacha. Gitaa lilikaa kimya zaidi ya miaka 25. Akiwa mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka kubwa Washington, akamwokota mtoto aliyepotea humo dukani na kumrudisha kwa mama yake. Mtoto huyo alikuwa Peggy Seeger, na mama ni Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki. Wakamchukua awafanyie kazi nyumbani, kupika na kupiga pasi. Nyumba imejaa ala za muziki, na siku moja akalichukua gitaa lao, vidole vikakumbuka. Peggy alipokua akaenda na wimbo ule Uingereza, na mwaka 1957 ukavuma kweli kule, ila waliotajwa kuwa watunzi walikuwa wanaume wawili wa hukohuko. Aliyeutunga yuko Washington ananyoosha mashati ya watu. Baadaye kina Seeger walimpigania jina lake likarudishwa. Tanga, mji uliozaa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star, habari kama hizi hatuhitaji kusimuliwa. Utausikia wimbo kwenye kila harusi, na mtunzi yuko nyuma ya nyumba anasubiri sahani ya pilau.

Kwa hiyo aliporekodi nyimbo hizi alikuwa ameshapita miaka 60. Mike Seeger, kaka yake Peggy, alikuwa akienda na mashine ya kanda nyumbani kwa Bibi na kumrekodia chumbani mwake. Hakuna studio, hakuna mtu wa kuongeza vyombo, na ndivyo inavyosikika. Sauti yake si ya kuringia. Ni nyembamba, kuna mahali inakaribia kupotea, na kama umezoea sauti ya Shakila inayokamata ukumbi mzima, nyimbo mbili za mwanzo utamwona Bibi kama anajiimbia mwenyewe. Ni kweli, anajiimbia. Ndiyo maana mimi nainua sauti ya deki kidogo na kuiacha cherehani ipumzike.

Wanaopenda taarabu waende moja kwa moja kwenye wimbo wa 12, Oh Babe, It Ain't No Lie. Utotoni jirani mmoja alimsingizia kwa mama yake, akaadhibiwa kwa kosa asilolifanya. Hakumjibu jirani. Alitunga wimbo. Jamani, kuna mpasho uliozidi huo? Na wala hapandishi sauti, anaupiga taratibu kama bembea, mwenye kuambiwa akiusikia anaweza hata kuucheza.

Si zote nilizozipenda. Graduation March inanikumbusha gwaride la shule, naruka. Nyimbo za dini zimebanwa mbili katika namba moja, na wa tisa umebeba vitatu kwa mpigo, huna pa kushika. Na wewe mwenye gitaa unayetaka kumfuatisha, usijitese kwenye Vastopol na Spanish Flang Dang kabla hujaregeza nyuzi. Hizo hazipigwi kwa mkazo wa kawaida, baadhi ya nyuzi zinalegezwa hadi zote zikipigwa tupu zitoe sauti moja iliyokamilika. Mimi nilihangaika siku mbili nikijilaumu vidole.

Yaliyofuata baada ya CD hii yapo kijitabuni kwa kifupi au nimeyapata kwa baharia: akaanza kupanda jukwaani uzeeni, akatoa nyingine iitwayo Shake Sugaree mwaka 1967, ambamo kitukuu chake anaimba wimbo uliobeba jina hilo, akapata tuzo ya Grammy mwaka 1985 akiwa na miaka 90 na ushei, akafariki Syracuse mwaka 1987. Mwaka 2022 wakamwingiza kwenye jumba lao la heshima la rock. Shake Sugaree sijaipata. Baharia keshaambiwa.

Ijumaa iliyopita kaka alikuja kula. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, sikio moja limezibika, ila lile jingine bado la mwanamuziki. Niliweka CD bila kumwambia kitu. Aliacha kula kwenye wimbo wa nne, akakaa na tonge mkononi.

"Huyu kapindua gitaa," akasema.

Nikamwuliza kajuaje.

"Besi inakuja kwa mlio wa kidole chembamba. Wewe ndivyo ulivyokuwa ukipiga."

Nikamwambia sijawahi kumpigia gitaa hata siku moja.

"Nilikuwa nikirudi zamu mapema nakaa barazani kwa jirani mpaka umalize," akasema, akalimeza tonge lake na kuomba aongezwe mchuzi.

Miaka arobaini na kitu nilidhani nimeiba!

Kama unaitaka, kwa hapa Tanga sijaiona dukani, labda umwagize mtu wa nje, au utafute kwa jina kwenye simu, maana nyimbo zote zipo. Usimnunulie mtu wa kuserebuka, atakulaumu. Mwenye mtoto wa shoto nyumbani amnunulie hata kama gitaa hana. Anayetaka kwanza kuonja apite kwangu Jumatatu mpaka Alhamisi, baada ya alasiri, umeme ukiwepo. Deki ni ya jirani, Ijumaa anaichukua kwa ajili ya mawaidha yake, na safari hii ya kaka nilimwomba kwa magoti.