Mapambo ya mti wa Krismasi: koni za msindano au unga wa chumvi?
Ukipita shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, koni za msindano (mti wa paini) zimetapakaa chini, bure. Zianike pembeni mwa jiko hadi magamba yafunguke, funga uzi mwekundu, tundika. Zikilowa hujifunga, zikikauka hufunguka tena.

Unga wa ngano unakupa maumbo unayotaka: nyota, kengele, hata herufi za jina la mtoto. Vikombe 2 vya unga, 1 cha chumvi, 1 cha maji. Kanda, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, toboa tundu kwa mrija kabla haujakauka. Shida ni Desemba yetu ya mvua. Chumvi hunyonya unyevu; mwaka jana nyota zangu zililegea, zikadondoka moja moja, panya wakala sikukuu mapema.

Mimi nimerudi kwenye koni. Mwenye watoto wadogo akande tu, watashinda jikoni kutwa.