Mashine ya kupimia presha nyumbani: angalia mkanda kabla ya bei

Ndugu watazamaji, mashine iliyo mbele yenu ni ile inayofungwa mkono wa juu, nami nimeinunua katika duka moja la dawa hapa Dodoma mjini. Inatumia betri 4, inatunza kumbukumbu za watu 2, na namba zake zinasomeka hata bila miwani. Hayo ni mazuri, lakini siyo yanayoamua kama vipimo vyake ni vya kuaminika.

Tuanze na mkanda. Pembeni pake pameandikwa sentimita 22 hadi 32, yaani mzunguko wa mkono unaofaa, unaopimwa katikati ya bega na kiwiko kwa tepu ya fundi cherehani. Mkono wangu una sentimita 29, kwa hiyo unafaa. Wa mama yangu una 35, na mkanda huu ukimbana yeye, mashine itaonesha presha kubwa kuliko aliyonayo. Dukani hakuna aliyeniuliza habari za mkono wa mtumiaji, ingawa tepu moja ya kaunta ingewaepusha wengi na hofu, pengine hata na dawa wasizozihitaji.

Mashine hii haisikilizi sauti kama daktari mwenye stetoskopu, bali hujaza hewa hadi damu izuiwe, kisha huhisi mitikisiko ya mshipa kadiri hewa inavyopungua, na kutokana na mitikisiko hiyo hukokotoa namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini. Ndiyo maana mtu anayezungumza au kuchezesha mkono anaiharibia hesabu, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kuitegemea.

Sasa tazameni skrini. Mkono ukiwa juu ya mto, usawa wa moyo, imesoma 126/81. Nikiuacha uning'inie kando ya kiti, imesoma 138/92. Tofauti hiyo inatokana hasa na uzito wa damu yenyewe, ambao huongeza takriban milimita 8 za zebaki (ndicho kipimo cha namba za presha) kwa kila sentimita 10 ambazo mkono umeshuka chini ya moyo. Stuli nyingi za sebuleni ni fupi, kwa hiyo mto hauepukiki.

Kwa sisi wa Dodoma kuna jambo la ziada, hasa Juni na Julai, asubuhi za upepo na baridi. Msifunge mkanda juu ya sweta, wala msikunje mkono wa sweta hadi ubane begani. Vueni upande mmoja, mjifunike khanga au shuka mabegani, kwa sababu baridi nayo hubana mishipa na kupandisha presha.

Mengine yanajulikana, ila hayafuatwi: nusu saa bila kahawa, sigara wala mazoezi, haja ndogo imalizwe, kisha dakika 5 za kukaa kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kupishana. Pimeni mara 2 kwa kuachana dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza iacheni, zilizobaki mtafute wastani.

Kasoro ninayoilaumu ni ule mstari wa rangi pembeni mwa skrini. Njano yake inaanzia 140/90, ambacho ni kiwango cha kliniki, ilhali kwa vipimo vya nyumbani wastani wa kuanzia 135/85 tayari ni presha ya juu. Mtu anaweza kutulizwa na kijani asichostahili.

Kwa mwenye mkono usiozidi sentimita 32, naipendekeza, mradi aipeleke kliniki ilinganishwe na ya kwao. Aliyezidi hapo aulizie mkanda mkubwa wa mashine hiihii kabla ya kulipa. Na ikisoma 180/120 au zaidi, huku kukiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, aende hospitali papo hapo bila kungoja kipimo cha jioni.